Leso ya Mwalimu wa Magongo

Maskati, 1968
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mwanangu Saada,

Baba yako amelala, Bibi Thuraya wa nyumba ya pili amelala, hata paka wa ngazini amelala, na wewe umelala umeegemea sanduku lako kama mtu anayeogopa kuibiwa. Nimepata saa moja na nusu ya kuwa peke yangu na kalamu. Nnaandika mchana huu kwa sababu usiku nitalia, na mtu anayelia mistari yake hainyooki.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alitufunza kwamba barua njema huanza kwa salamu, hufuata khabari, ikaishia kwa dua. Salamu tumeshapeana tangu alfajiri. Dua utaipata kesho mlangoni. Imebaki khabari. Nnayo moja tu ambayo huijui, na nitaizunguka kidogo kabla ya kuifikia. Nivumilie.

Mambo ya nguo, ya chakula na ya kuamka mapema sikuandikii. Mkewe mjomba wako ana ulimi wa kutosha, atakwambia mwenyewe ukishafika Kuwait. Mimi nataka kukuandikia juu ya kazi yangu, ile niliyoifanya miaka kumi na moja Unguja kabla hatujaja kukaa ndani ya kuta hizi.

Unajua kuwa nilikuwa mwalimu wa mpira wa magongo. Hujui nilivyoanza. Nilikuwa na miaka kumi na mbili siku mwalimu mmoja mgeni alipoleta kasha skulini kwetu, likafunguliwa, ndani yake mna magongo ishirini na mbili yaliyopinda ncha. Wenzangu waliyachukua wakaanza kupigana. Mimi nilichukua daftari nikaandika kanuni zote alizotutajia, moja baada ya moja, kwa wino, nikapiga mstari chini ya kila moja kwa rula. Ndivyo nilivyokuwa. Sikuwa na mbio, wala sikuwa na nguvu, lakini nilikuwa najua kanuni. Mwalimu yule alipoondoka alisema daftari la msichana huyu litunzwe. Basi nilipomaliza masomo wakanipa skuli, wakanipa na magongo yenyewe.

Mama yake baba yako alishika kichwa. "Mke wa mtu, mtu mzima, anakimbizana na kigozi cha mpira!" Baba yako akamjibu, "Mama, yeye hakimbii. Wanaokimbia ni watoto. Yeye anasimama tu." Alikuwa akinitetea. Lakini maneno yale nimeyafikiri sana miaka hii.

Katika chumba cha walimu palikuwa na picha iliyokatwa gazetini, ya watu wamevaa viatu vya chuma, wanacheza magongo juu ya barafu. Nilikuwa nikiitazama kila nikinywa chai. Mwalimu wao alikuwa amesimama pembeni, kafumbata mikono kifuani, kavaa koti mpaka masikioni, na wachezaji hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama. Wote macho chini, kwenye kile kidude cheusi wanachokigombania. Nikajisemea: watoto hawa hawana adabu.

Sasa nikwambie juu ya leso. Uwanja wetu ulizungukwa na ua wa makuti, na nje ya ua palikuwa na njia ya watu. Mwalimu mkuu aliniita siku ya kwanza akaniambia, "Sauti yako isivuke ua ule. Sitaki wanaume wasimame njiani kusikiliza mwanamke anapiga kelele." Nikasema sawa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kanuni nyingine, nikaiandika. Lakini utamfunzaje mtu magongo bila ya kumpigia kelele? Nikatafuta leso nyeupe ya mkononi. Nikiinyanyua juu, toka ukabiliane na mpira. Nikiiweka kiunoni, kaa pahala pako. Nikiipeperusha kulia, mpira uende kulia. Baada ya miezi mitatu wasichana wangu walikuwa wakiisoma leso kama wanavyosoma juzuu. Skuli nyingine zilikuwa na kelele, sisi tulikuwa kimya, na tulikuwa tukishinda. Wakaniita Mwalimu Leso. Niliona fahari, mwanangu, nisikufiche.

Ile mechi ya mwisho unaikumbuka, maana ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na moja, umekaa chini ya meza ya maji unakula machungwa ya wachezaji. Unakumbuka kuwa tulifungwa bao moja, na unakumbuka nilivyokuwa nikisimulia baadaye kwamba mlinda goli wetu, Rukia, alisinzia. Hata hapa Maskati nimesimulia hivyo, na watu wamecheka. Rukia hakusinzia.

Ilikuwa imenyesha asubuhi na nyasi zilikuwa na maji. Zilibaki dakika chache, hakuna aliyefunga. Msichana wao mmoja akaupiga mpira kuelekea golini, ukaja, ukaingia kwenye dimbwi, ukasimama. Hatua mbili kutoka alipo Rukia. Mbili tu. Angetoka angeupiga ukaenda zake. Mpinzani alikuwa bado yuko mbali, anakuja mbio.

Na wakati ule ule lango la uwanja likafunguliwa wakaingia wageni wa heshima, na mbele yao nani? Babu yako, baba mkwe wangu, na kanzu yake na fimbo yake. Hakuwahi kunitembelea kazini. Mimi nikafanya ambavyo ningefanya jikoni kwangu: nikashusha buibui, nikafunika uso, mikono yote miwili ikaingia ndani. Na leso ikaingia pamoja na mkono.

Rukia alinitazama. Nilimwona kupitia kitambaa. Ananitazama mimi, mpira uko hatua mbili mbele yake, anasubiri aone leso iko juu au iko kiunoni. Haikuwa juu wala haikuwa kiunoni. Basi akakaa pahala pake. Yule mwingine akafika, akausukuma mpira taratibu kabisa, kama mtu anayerudisha kikombe mezani.

Mechi ilipokwisha nilimfuata mbele ya wenzake wote. "Rukia! Huna macho wewe?"

Akasema, "Nnayo, mwalimu. Nilikuwa nakutazama wewe."

Nikamwambia asirudi tena mazoezini. Asubuhi ya pili alikuja mlangoni na zile pedi za miguuni, kazifua, kazianika, kazifunga kwa uzi. "Pedi zako, mwalimu." Hakulia. Nilizipokea nikafunga mlango. Mwaka wa sitini na nne tukaondoka, kila mtu na njia yake, sikumuona tena kumwomba radhi. Sijui hata yuko nchi gani.

Ungedhani mtu akishafanya kosa kama lile halirudii. Nami nilidhani hivyo.

Tukaja hapa. Nchi ya babu zetu, tuliambiwa, na tulipoteremka watu wakatwita Wazinjibari, watu wa Unguja. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Siku ya tatu uliniuliza, "Mama, skuli iko wapi?" Nikakwambia skuli ni za wavulana, tena chache. Ukauliza, "Na uwanja?" Baba yako akacheka kwa huzuni, akasema uwanja ni huo ua wa ndani, hatua kumi na nne kwa tisa, na ukitaka upana zaidi panda juu ya sakafu ya paa utazame milima. Na milima yenyewe imetuzunguka kama watu waliosimama kutazama ajali. Halafu usiku ukapigwa mzinga ngomeni, malango yakafungwa, na asiye na taa ya fanusi mkononi asionekane njiani. Nnakumbuka ulinishika mkono ukasema, "Wametufungia?" Nikasema, "Wamefunga wezi nje." Nawe ukanitazama kama unavyonitazama ninapokudanganya.

Tulicheza hata hivyo. Baba yako alitafuta makuti ya mtende, tukakata vigongo vya migongo yake, tukapinda ncha kwa moto. Mpira tuliushona kwa matambara ili usilie, maana ukuta mmoja tunashirikiana na Bibi Thuraya. Siku ya kwanza tu akachungulia juu ya ukuta.

"Wallahi nyinyi Wazinjibari, mnafukuza panya?"

"Tunacheza, Bibi."

"Na panya je, naye anacheza?"

Ukacheka mpaka ukakaa chini. Wiki ya pili akatuletea wajukuu wake wawili. "Wafunzeni kufukuza panya, kwangu wamejaa." Timu ikawa ya wasichana watatu na mwalimu mmoja, na mwalimu akatoa leso yake kwenye kasha. Ndiyo, Saada. Nilikuwa na ua wenye kuta nne, hakuna mwanamume wa kunisikia ila baba yako, na bado niliinua leso. Sikujua njia nyingine.

Siku ile ya barafu bado hunijia. Tajiri wa ghala anakofanya kazi baba yako, kule Matrah, alileta mashine ya kugandisha maji, na mwezi wa joto kali baba yako akapewa pande, akalifunga kwa gunia, akalibeba kwa miguu kupanda ile njia ya mlimani na kuteremka. Lilipofika lilikuwa kama chungwa kubwa. Mimi nilitaka tulitie kwenye sharubati. Wewe ukaliweka chini, ukachukua kigongo, ukalisukuma. Likateleza uani kote, halikuwa na sauti ya mpira, lilikuwa na sauti ya kitu kinachokata hewa. Nikakwambia juu ya ile picha ya chumba cha walimu. Bibi Thuraya akauliza ukutani, "Barafu wanaikanyaga? Na kiu yao wanaituliza kwa kitu gani?" Ukanipa kigongo kingine. "Mama, nawe cheza." Nikacheza. Sikushika leso siku hiyo, mikono yote miwili ilikuwa kazini. Mpira wetu uliyeyuka kabla hatujafunga bao, tukabaki tumesimama kwenye maji, miguu yetu baridi, tunacheka.

Ningeishia hapo barua ingekuwa nzuri. Lakini sasa nimeifikia ile khabari.

Miaka miwili iliyopita, ulipokuwa na miaka kumi na tano, mjomba wako alileta barua kutoka Kuwait kwa mkono wa msafiri. Baba yako alikuwa ghalani. Nikaifungua mimi. Aliandika kwamba amekutafutia nafasi katika skuli ya wasichana, ada atalipa yeye, na skuli ina uwanja. Alisema amekwenda kuupima kwa miguu ili aniandikie: hatua mia moja na kumi. Akaomba tuanze kutafuta ruhusa ya kuondoka mara moja.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikatazama nje nikakuona umekaa kizingitini unawafunza wajukuu wa Bibi Thuraya kuandika majina yao kwa mkaa. Nikawaza: akiondoka, wenye amri wasipomruhusu kurudi, nitabaki na nani? Nikachukua karatasi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule ule wa daftari la kanuni, kwamba nimekuuliza na wewe mwenyewe umekataa. Niliandika hivi: Saada hana tena nia ya kusoma. Maneno yale nnayakumbuka kama mtu anavyokumbuka alipojiunguza.

Barua ya mjomba nikaitia chini ya kanga, ndani ya kasha. Kila msafiri aliyekuja ulikuwa ukiniuliza, "Mjomba hajaandika?" Nami nilikuwa nikijibu, "Subiri." Unajua mkono wangu ulikuwa wapi nikikujibu hivyo? Kiunoni. Nilijiona siku moja kwenye kioo.

Sikufanya hivyo kwa kukuchukia, na sitakudanganya nikasema nilifanya kwa kukupenda. Nilikuwa nimefungiwa, nikataka wa kufungiwa naye.

Mwaka huu mjomba wako akamwandikia baba yako moja kwa moja, kwa anwani ya ghalani. Unakumbuka usiku ule, tunakula, baba yako anasoma kwa sauti: "Ikiwa binti yetu amebadili mawazo yake, nafasi bado ipo." Ukauliza, "Mawazo gani?" Baba yako akanigeukia. Mimi nikacheka, nikasema, "Kaka yangu anazeeka, anachanganya barua za watu." Mkacheka nyote wawili. Nikakuongezea samaki sahanini na nikaendelea kucheka.

Tangu hapo baba yako amekwenda kuomba ile ruhusa mara ngapi? Unamwona anarudi, anavua viatu. "Leo vipi?" "Wamesema nije Jumamosi." Jumamosi: "Wamesema karani ana homa." Alipoipata alikuja mbio lango likiwa karibu kufungwa, hata fanusi hakuwa nayo, karatasi kaiweka kifuani ndani ya kanzu. Akakusomea wewe kwanza. Kisha akaja jikoni akanisomea mimi, taratibu. "Imeandikwa anaruhusiwa kuondoka."

"Na kurudi?"

"Kurudi haikuandikwa."

Tukatazama karatasi ile tukaigeuza na nyuma, kama kwamba neno limejificha huko.

Basi hiyo ndiyo khabari. Ungekuwa umeshasoma miaka miwili. Ungekuwa umeshacheza kwenye uwanja wa hatua mia moja na kumi. Miaka hiyo niliichukua mimi, si wenye amri wala kuta hizi, na sina pahala pa kukurudishia.

Nilikusudia kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute Kuwait. Nilishainyanyua kanga ya juu. Hapo nikakumbuka ile nyingine niliyoificha chini ya kanga, na mkono ukanisimama. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, kabla ya magharibi, pamoja na ile ya mjomba wako. Ukikasirika, unikasirikie hapa niliko. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitakaa upande wa pili wa ua. Baba yako nitamwambia mimi, usinisaidie. Wala usiogope kwamba nitakuzuia kesho. Nilizuia mara moja kwa kalamu, na mara moja kwa kicheko. Ya tatu sina.

Sitakupa kanuni. Nilikuwa nazo daftari zima, nikampoteza Rukia nazo. Jambo moja tu nimelijua, nalo nimelijua kwa kuchelewa: nilikuwa nikiwafunza wasichana wangu kunitazama mimi, nikadhani nawafunza kucheza. Yule mwalimu wa kwenye picha, aliyefumbata mikono, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akijua kazi yake.

Ukipata kujifunza kazi ya kufunza watu, kama unavyosema unataka, ukarudi au usirudi, piga kelele kwanza. Sauti yako ivuke ua. Halafu siku ya mechi, fumbata mikono. Na mimi, ukiniuliza nitafanya nini hapa, wajukuu wa Bibi Thuraya wamekuwa wanne. Jumamosi nitawatolea vigongo. Nimekwisha kumwambia Bibi kwamba kuanzia sasa atasikia sauti yangu. Amesema, "Afadhali. Panya watakimbia wenyewe." Mimi nnaamini malango yanayofungwa na watu siku moja huachwa wazi na watu. Sijui lini. Nitakuwa na timu tayari.

Kesho asubuhi baba yako atakuteremsha mpaka gatini, na mashua itakupeleka melini. Mimi nitakuwa juu ya sakafu yetu, upande wa bahari. Nnakujua, mwanangu. Utakapotia mguu mashuani utageuka kunitafuta, uone kama nimekubali, uone mkono wangu uko wapi.

Leso nimeikunja mara nne nimeitia ndani ya bahasha hii. Ifungulie vitabu, pangusia wino, fanyia utakalo. Kesho sitakuwa na kitu mkononi. Ukigeuka hutaona chochote cha kusoma, utamwona mama yako tu, kafumbata mikono.

Usisubiri. Mpira uko hatua mbili.

Mama yako